Bill Buckner hakuipotezea Boston ubingwa

Tangu 1986, mashabiki wengi wa besiboli Marekani wameamini kwamba Boston Red Sox walikosa ubingwa kwa sababu mpira ulipita katikati ya miguu ya mchezaji wao, Bill Buckner. Mpira ulipita kweli. Hayo mengine si kweli.

Ilikuwa Oktoba 25, mechi ya 6 ya fainali dhidi ya New York Mets, awamu ya 10. Boston waliongoza 5–3, na wapigaji wawili wa Mets walikuwa wameshatolewa; wakimtoa mmoja tu zaidi, Boston wangetwaa ubingwa. Wapigaji watatu mfululizo wakafanikiwa kufika kituoni, matokeo yakawa 5–4. Kisha mrushaji Bob Stanley akarusha mpira uliompita mdakaji, na Mets wakasawazisha. Hapo ndipo Mookie Wilson wa Mets alipoupiga ule mpira uliomponyoka Buckner, na Mets wakashinda mechi. Kwa hiyo uongozi ulikuwa umeshapotea kabla mpira haujamfikia Buckner.

Tena fainali haikuishia hapo. Katika mechi ya 7, iliyoamua ubingwa, Boston waliongoza 3–0, wakafungwa 8–5.

Inauma kwamba mtu aliyecheza misimu 22, akapiga mipira 2,715 iliyomfikisha kituoni na kuwa mpigaji bora wa ligi yake mwaka 1980 akiwa Chicago Cubs, alizomewa na kutishiwa kwa tukio la sekunde chache. Aprili 2008 mashabiki wa Boston walisimama kumshangilia uwanjani Fenway Park, naye akafuta machozi. Alifariki Mei 2019.