Maandalizi ya mgomo kiwandani: maana yake na yanavyofanyika

Mkataba wa hali bora za kazi unapokaribia kuisha, menejimenti na chama cha wafanyakazi hukaa mezani kujadili mpya. Mazungumzo yakiwa yanaendelea, kiwanda nacho huanza kujipanga kwa siku ambayo yatavunjika na watu wataweka zana chini. Huko kujipanga ndiko kunakoitwa maandalizi ya mgomo: mtambo upi utaendelea, upi utazimwa na kwa utaratibu gani, nani ataushika, na nani atabeba dhamana ya usalama.

Kwa kiwanda cha nguo jambo hili si zito sana: mashine huzimwa, geti hufungwa, hasara ni ya mauzo. Kiwanda cha kusafisha mafuta ni habari nyingine kabisa. Usiku na mchana, minara na mabomba yake hubeba mafuta na gesi zenye joto kali na mgandamizo mkubwa, na kuuzima mtambo mkubwa kwa usalama kunaweza kuchukua siku kadhaa. Tena ajali nyingi mbaya hutokea wakati wa kuzima au kuwasha upya.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP kilichoko Texas City, Marekani, mtambo mmoja ulikuwa unawashwa baada ya matengenezo. Mnara ulijazwa kupita kiasi, huku kipimo kikionyesha kwamba kina cha mafuta ndani yake kinashuka ilhali kina hicho kilikuwa kinapanda. Mlipuko uliofuata uliua watu 15 na kujeruhi takriban 180. Wachunguzi walikuta makabidhiano ya zamu yalikuwa duni, na kwamba waendeshaji walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa wiki kadhaa mfululizo bila siku ya kupumzika. Siku hiyo hakukuwa na mgomo wowote. Waliokuwa zamu ni watu wanaoujua mtambo wao, na bado yakatokea hayo.

Sasa fikiria zamu hizohizo za saa 12 zikishikwa na wahandisi na wasimamizi ambao hawajagusa vali, yaani kifaa cha kufungua na kufunga bomba, kwa miaka. Ndiyo hali iliyojitokeza Februari 2015, pale chama cha wafanyakazi cha United Steelworkers kilipoitisha mgomo katika viwanda tisa vya Marekani, vingi vyavyo vya kusafisha mafuta, kisha ukaenea hadi 15. Uchovu na usalama vilikuwa miongoni mwa madai yenyewe. Kiwanda kilekile cha Texas City, wakati huo mali ya kampuni ya Marathon, kilikuwamo, na wafanyakazi wake walikaa nje miezi kadhaa. Huko Martinez, California, kampuni ya Tesoro iliamua kuzima kiwanda chote, kwa kuwa sehemu yake tayari ilikuwa kwenye matengenezo. Kwangu mimi uamuzi wa namna hiyo ndio maandalizi yaliyo salama zaidi, ingawa ndio unaoiuma kampuni mfukoni.

Penye nia ya kuendelea kuzalisha, kazi huanza miezi kabla. Wasio wanachama wa chama hupangiwa mitambo, husoma taratibu zilizoandikwa, hufanya mazoezi kwenye kompyuta zinazoigiza chumba cha udhibiti, kisha hupimwa. Hutafutiwa chakula na malazi, na vipuri na kemikali huagizwa mapema, maana madereva wengine hukataa kupita mbele ya waliogoma. Kinachokosekana ni ujuzi usioandikwa popote: vali ipi hukwama asubuhi ya baridi, pampu ipi hubadili mlio kabla ya kuharibika. Huo huondoka na mwenyewe getini.

Maandalizi haya pia ni shinikizo mezani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1938, mwajiri anaruhusiwa kuajiri watu wa kudumu kushika nafasi za wanaogoma kwa ajili ya maslahi. Aliyejipanga vizuri anaweza hata kutangulia: Mei 2021 kampuni ya mafuta ya ExxonMobil iliwafungia nje wafanyakazi wapatao 650 huko Beaumont, Texas, yaani iliwazuia kuingia kazini kabla hawajagoma, na kiwanda kikaendelea kufanya kazi bila wao kwa takriban miezi kumi.

Kwetu sheria inabadilisha hesabu hiyo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuleta wafanyakazi mbadala katika mgomo halali. Notisi ya mgomo ni saa 48 Tanzania na siku 7 Kenya, baada ya usuluhishi kushindikana. Kwa kiwanda chenye tanuru au mitambo ya kemikali, saa 48 ni chache mno za kuanza kufikiri. Utaratibu wa kuzima, na majina ya watakaobaki kulinda mitambo wakati wa mgomo, ni mambo ya kukubaliana na chama mapema, wakati pande zote mbili bado zinasikilizana, na kuyaandika ndani ya mkataba wenyewe.