Kwenda Sokoni au Kuagiza? Maswali na Majibu kuhusu Ununuzi Wakati wa Janga la Maambukizi

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, kaya nyingi za Afrika Mashariki zilikabiliwa na swali lisiloweza kuahirishwa: chakula cha leo kitapatikanaje bila kuleta ugonjwa nyumbani? Ushauri mwingi uliosambaa wakati ule uliwafaa watu wenye jokofu kubwa, mshahara wa mwezi na gari la kufuata mahitaji mara moja kwa wiki mbili. Majibu yafuatayo yanamzingatia pia mtu anayenunua kilo moja ya unga na mafuta ya kupima, kwa pesa aliyoipata siku hiyo hiyo.

Hatari ya kuambukizwa wakati wa kununua inatoka wapi hasa?

Inatoka kwa watu, na zaidi ya yote katika hewa wanayoivuta pamoja. Virusi vya korona hutoka na pumzi ya mtu aliyeambukizwa, hasa anapozungumza, kupaza sauti au kukohoa. Matone mazito ya mate huanguka karibu naye, lakini chembe ndogo zaidi huelea hewani, na mahali pasipopitisha hewa hujilimbikiza kadiri muda unavyokwenda. Mwezi Januari 2020, katika mkahawa mmoja usio na madirisha mjini Guangzhou, China, familia tatu zilizokula kwenye meza jirani zilipata maambukizi, jumla watu 10, huku kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile juu ya meza zao, lakini wahudumu hawakuambukizwa.

Kwa hiyo kabla ya kuwaza juu ya pakiti ya sukari, jiulize utakuwa ndani au nje, utakaa kwa muda gani, na watu wangapi watakuwa karibu nawe. Wafuatiliaji wa maambukizi walitumia kipimo cha dakika 15 za ukaribu na mgonjwa ili kuamua nani afuatiliwe, lakini kipimo hicho kiliwekwa kurahisisha kazi yao na hakina maana kwamba dakika 14 ni salama. Ikumbukwe pia kwamba mtu anaweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajaona dalili yoyote, na hivyo kumtazama muuzaji kama anakohoa hakutoshi.

Basi soko la wazi ni salama kuliko supamaketi?

Kwa upande wa hewa, ndiyo. Genge la mboga lililo barabarani au meza ya muuza samaki iliyo uwanjani hupata upepo ambao chumba chenye milango iliyofungwa hakiupati. Hata hivyo soko la wazi lina msongamano wake: njia nyembamba, wateja waliobanana begani, na maafikiano ya bei yanayohitaji kupaza sauti ili mtu asikike. Faida ya hewa hupungua sana watu wawili wanapozungumza uso kwa uso kwa muda mrefu, hata wakiwa chini ya anga. Supamaketi yenye dari ya juu, milango wazi na wateja wachache inaweza kuwa na nafuu kuliko soko lililofurika, na duka dogo la mtaani, ambalo mteja husimama nje ya dirisha na kuhudumiwa kwa dakika mbili, mara nyingi ni bora kuliko vyote viwili.

Saa ya kwenda ina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kenya ilipoweka marufuku ya kutoka nje kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri, saa za kununua zilibanwa, na saa zinapobanwa wateja wale wale hulazimika kukutana katika muda mfupi zaidi. Nina imani kwamba kila hatua ya kufupisha saa za masoko inapaswa kupimwa kwa kigezo hiki kabla ya kutangazwa. Kwa mnunuzi mwenyewe, asubuhi mapema au katikati ya mchana kuna unafuu kuliko jioni ambapo kila mtu anatoka kazini. Aandike orodha, aende peke yake, avae barakoa inayofunika pua na mdomo, na anaponunua kwa muuzaji anayemfahamu, atume ujumbe mapema ili akute mzigo umeshafungwa.

Je, ni lazima kuosha pakiti, makopo na noti?

Hofu hii ilikuwa na chanzo cha kweli. Utafiti wa maabara uliochapishwa Marekani mwezi Machi 2020 ulionyesha kwamba virusi viliweza kupatikana hadi saa 72 kwenye plastiki na chuma cha pua, na hadi saa 24 kwenye katoni. Jambo ambalo halikusikika vya kutosha ni kwamba kiasi chake kilikuwa kikipungua kwa kasi tangu saa za mwanzo. Ilipofika Aprili 2021, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 katika 10,000.

Kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka baada ya kupanga bidhaa, na kabla ya kugusa uso au kula, kunatosha. Palipo na uhaba wa maji, kitakasa mikono chenye kileo cha asilimia 60 au zaidi kinafaa. Noti nazo ziko katika kundi hilo hilo. Benki Kuu ya Kenya iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, na hatua hiyo ilisaidia, lakini naona faida yake kubwa ni kwamba kulipa kwa simu huruhusu mnunuzi na muuzaji kutosogeleana. Asiye na salio alipe kwa pesa taslimu bila hofu, kisha anawe.

Mboga na matunda yaoshwe kwa sabuni au jiki?

Hapana. Sabuni na dawa za klorini za kufulia zinaweza kumdhuru mlaji. Maji safi yanayotiririka yanatosha, na hakuna ushahidi kwamba UVIKO-19 huenea kwa kula chakula. Kipindupindu, ambacho janga lake la saba lilianza mwaka 1961 na bado halijaisha, huenda kwa njia tofauti kabisa: huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na wakati wa mlipuko wake tunda lisilomenywa au kachumbari ya kununua ni hatari kubwa kuliko foleni ya dukani. Kabla ya kupima hatari ya ununuzi katika janga lolote, sharti ijulikane kwanza ugonjwa wenyewe huenea kwa njia gani.

Kuagiza na kuletewa kwa bodaboda kunaondoa hatari?

Kunaipunguza sana kwa mwagizaji, lakini sehemu ya hatari hiyo huhamia kwa mtu mwingine. Dereva wa bodaboda anayekuletea mzigo amesimama kwenye foleni ambayo wewe umeiepuka, na anaweza kurudia hivyo mara nyingi kwa siku bila likizo ya ugonjwa wala bima. Siandiki hivi ili watu waache kuagiza, kwa sababu kazi hiyo ndiyo mkate wake, na dereva mmoja anayekusanya mizigo ya nyumba tano huwapunguza watu sokoni. Naandika ili aagizwe kwa namna inayomlinda: lipa kwa simu kabla hajafika, mwelekeze aache mzigo mlangoni au getini, usimkaribishe sebuleni kusubiri chenji, na usimwagize nyanya leo na vitunguu kesho wakati vyote vingeweza kuja kwa safari moja. Yeye naye avae barakoa anapoingia dukani. Kwa chakula kilichopikwa, kukichukua na kwenda kukila nyumbani ni salama kuliko kukila ndani ya mkahawa, ambako barakoa huvuliwa na watu hukaa kwa muda mrefu.

Mama yangu ana miaka 70 na ana kisukari, lakini anasisitiza kwenda sokoni mwenyewe. Nifanyeje?

Umri wake na kisukari vinamweka katika kundi linaloweza kuugua vibaya zaidi, kwa hiyo safari ambayo kwa kijana ni hatari ndogo, kwake ina uzito mwingine. Chanjo hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa mkali, na ni vyema apate dozi zinazopendekezwa. Ikiwa nyumbani yupo mtu mwenye afya njema, yeye ndiye aende. Hata hivyo mama anayezuiwa kabisa kutoka hupoteza mazungumzo, mwendo wa miguu na uhuru wa kuchagua samaki wake, na hayo pia ni afya. Mwombe aende siku isiyo ya gulio, asubuhi, kwa muuzaji mmoja au wawili wa nje, akiwa na barakoa iliyomkaa vizuri. Dawa za kisukari zinunuliwe kabla hazijakaribia kuisha, ili asilazimike kwenda katika duka la dawa lililojaa wagonjwa.

Na ikiwa tayari kuna mgonjwa nyumbani?

Mgonjwa na wanaomhudumia wasiende sokoni kabisa. Jirani au ndugu wa nyumba nyingine awanunulie, aache mzigo nje, naye dereva aelezwe hali ilivyo kabla hajakubali safari. Msiagize dawa za antibiotiki kwa kubahatisha, kwa sababu haziui virusi. Mgonjwa akianza kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au kusikia maumivu ya kifua yasiyoisha, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kitu chochote kilichoagizwa.