Kitanda cha haidroliki huinua mtambo, hakiushikilii

Kijiko (mtambo wa kuchimba) cha magurudumu cha tani 8 kikiteleza wakati wa kupakiwa kwenye gari la kitanda cha haidroliki, yaani kinachoinuliwa kwa presha ya oili, lawama ya kwanza huangukia pampu au winchi, mashine ya kuvuta kwa waya. Ukikagua unaweza kukuta pampu ni nzima na waya wa winchi haujakatika hata uzi mmoja. Kilichoshindwa ni udongo chini ya tairi za nyuma, kabari iliyosahaulika, au hesabu ya dereva aliyedhani kwamba oili iliyoinua kitanda ndiyo itakayoshikilia kila kilicho juu yake. Kuinua ni kazi ya oili. Kushikilia ni kazi ya ardhi, chuma na minyororo.

Gari tunalolizungumzia ni lile ambalo kitanda chake hurudi nyuma na kuinama hadi ncha iguse ardhi, mtambo ukapanda bila jukwaa wala kreni. Mjini wengi wanaliita bredauni kwa kuwa wameliona likibeba daladala mbovu. Makubwa zaidi hubeba vijiko, shindilia, foklifti, jenereta na boti. Katapila na eskaveta kubwa huenda kwa tela la chini linalovutwa na kichwa cha semi, na baadhi ya matela hayo nayo yana kitanda kinachoinama.

Anza na uzito, na usiukadirie kwa macho. Soma bamba la mtambo, kisha ongeza ndoo ya ziada, nyundo ya kuvunjia mawe, mafuta yaliyomo na tope lililoganda kwenye cheni za kutembelea. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo nchini Tanzania ilianza kutumika 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizoshikana na tani 24 kwenye tatu. Gari zima lisizidi tani 56. Chukua gari la tairi kumi: 8 na 18 ni tani 26. Kama gari tupu lina tani 12.5, limebaki na tani 13.5 tu. Kijiko cha tani 8 kinaingia vizuri. Eskaveta ya tani 20 haiingii, hata kama silinda zina nguvu ya kuinua kitanda ikiwa juu. Hapo ndipo wengi hudanganyika: gari limeinua, basi litabeba.

Ardhi kwanza, oili baadaye

Wakulima wa Usukumani wana majina ya udongo ambayo dereva wa mitambo angefaidika kuyajua. Luseni ni mchanga wa miteremko, ule unaotokana na mawe ya vilima vyetu. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Luseni kavu hubeba uzito vizuri, lakini tairi za nyuma zikizunguka juu yake huchimba. Mbuga hukuhadaa: juu imekauka, chini bado ni laini, na tairi za upande mmoja huzama polepole mzigo unapohamia nyuma. Kitanda kilichoinuliwa huku gari limelala upande hupeleka kitovu cha uzito nje ya mstari wa tairi, na gari hupinduka bila onyo la maana.

Kwa hiyo tafuta murramu iliyoshindiliwa au lami, pahali tambarare kwa kulia na kushoto. Mteremko mdogo wa mbele na nyuma unavumilika. Wa pembeni hauvumiliki. Kama ni lazima kupakia bondeni, tandika mbao nene za sm 5 au zaidi chini ya tairi za nyuma na chini ya ncha ya kitanda. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi kabla ya kugusa mkono wa kuendeshea kitanda. Tazama juu pia. Maeneo ya Igoma na Nyakato jijini Mwanza yana nyaya za umeme zinazovuka viingilio vya karakana, na mkono wa kijiko ukipanda na kitanda hufika juu kuliko unavyofikiri.

Silinda inafanyaje kazi

Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sm 10 ina pistoni ya sentimita 78.5 za mraba. Pampu ikitoa presha ya baa 200, pistoni hiyo husukuma kwa karibu tani 16, na silinda mbili hutoa tani 32. Namba hiyo inavutia, ila silinda hazikai chini ya mzigo. Hukaa karibu na egemeo, pale kitanda kinapojikunjia. Zikisukuma mita moja kutoka kwenye egemeo na mzigo uko mita tatu, tani 32 zinabaki chini ya 11. Mwanzoni mwa kuinua silinda huwa zimelala, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu husukuma mbele badala ya juu. Kitanda kikikataa kunyanyuka, usiende kufungua valvu ya kulinda presha ili kuikaza. Valvu hiyo imepangwa kulinda hosi, silinda na chesisi. Sogeza mzigo karibu na egemeo au uushushe.

Tabia za ubovu zinasomeka. Kitanda kikipanda kwa kurukaruka, kuna hewa ndani au oili imepungua. Pampu ikitoa sauti kama kokoto ndani ya kopo, inanyonya hewa au chujio limeziba. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage yote, usiichanganye na mpya. Kwa joto la kanda ya Ziwa, oili ya namba 46 au 68 ndiyo hutumika, kufuatana na kitabu cha gari. Pima kina chake kitanda kikiwa kimeshuka kabisa. Anayejaza tangi wakati silinda zimenyooka ataiona oili ikifurika chini kitanda kitakaporudi.

Kipimo kizuri cha kitanda kisicho na mzigo ni hiki: kiinue hadi theluthi, zima injini, weka alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda, subiri dakika kumi na tano. Kama alama imezama, sili ya pistoni au valvu ya kushikilia, ile inayozuia oili isirudi, inapitisha. Valvu hiyo inapaswa kukaa kwenye silinda yenyewe, maana ikiwa mbali, hosi iliyo katikati ikipasuka hakuna cha kuzuia oili isitoke. Na hata ikiwa nzima, mtu haingii chini ya kitanda kilichoinuliwa bila kuweka nguzo ya chuma ya usalama.

Jambo moja linalodharauliwa sana: usitafute tundu la hosi kwa kupapasa. Oili yenye presha kubwa hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huwa kidogo kama cha sindano na pengine hakiumi saa za kwanza, ilhali ndani kinaharibu. Tumia kipande cha boksi, na aliyepenywa apelekwe hospitali papo hapo, aeleze wazi kwamba ni oili ya presha.

Kupandisha

Ondoa tope kwenye cheni na kwenye kitanda. Chuma juu ya chuma chenye matope au grisi kinateleza; tandika mbao au mkeka wa mpira. Mtambo unaotembea na upande wenyewe, kwa gia ndogo, bila kukata kona ukiwa juu, opereta akiwa amefunga mkanda. Utingo akae mbali, pembeni na mbele pale opereta anapomwona, asikae nyuma ya mtambo wala karibu na waya.

Mtambo mbovu unahitaji winchi, na hapa hesabu hubadilika ghafla. Kitanda kikiinama nyuzi 12, kijiko cha tani 8 kinachozunguka magurudumu kinahitaji mvuto wa tani 2.5 hivi. Mtambo wa cheni wa uzito uleule, cheni zikiwa zimegoma, unaburuzwa, na mvuto unaweza kufika tani 5 hadi 6. Namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza ya waya kwenye ngoma; kila safu inayoongezeka hupunguza nguvu. Tumia kapi kurudisha waya ili kukaribia kuongeza nguvu maradufu, na acha mizunguko isiyopungua mitano kwenye ngoma. Winchi ikishamaliza kuvuta, kazi yake imeisha. Usisafiri kwa kuitegemea.

Mtambo usimame wapi? Kwenye gari ambalo ekseli ya mbele na kundi la nyuma zimeachana mita 5, kusogeza kijiko cha tani 8 nyuma kwa nusu mita kunatoa tani 0.8 kwenye usukani na kuziongeza nyuma. Usukani ukiwa mwepesi kwenye kona, sababu ni hiyo. Kitanda kikisharudi, ondoa gia ya kuendesha pampu. Ikisahaulika, pampu huzunguka safari nzima na kuungua.

Kufunga

Shusha ndoo na mkono hadi viguse kitanda, inua miguu ya pembeni ya kijiko na uifungie pini, ingiza pini ya kuzuia eskaveta isizunguke, na kwa shindilia au greda weka chuma cha kuzuia kiungo cha kati kisikunje. Zima swichi ya betri, funga milango. Bomba la moshi lizibwe: upepo ukiingia humo huzungusha tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) wakati injini imezimwa na hakuna oili ya kuilainisha.

Minyororo hupangwa kwa kukadiria kwamba breki ya ghafla inasukuma mzigo mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, na nusu ya uzito kwa nyuma na pembeni. Kwa kijiko cha tani 8 ni tani 6.4. Msuguano kwenye mbao unaweza kuchukua 2.4, zinabaki 4. Mnyororo wa daraja la 8 la uimara wenye unene wa mm 10 hushika tani 6.3 ukivutwa moja kwa moja. Ukiwekwa kwa nyuzi 45 unazuia kama 4.4 tu. Miwili inayovuta nyuma inatosha kwa kijiko hicho, mingine miwili ivute mbele, yote ikivuka kuzuia pembeni, na wa tano ushike ndoo. Kwa eskaveta ya tani 20 hesabu hiyo inaleta tani 10, na miwili ya mm 10 haitoshi: nenda mm 13. Shika kwenye matundu yaliyotengenezwa kwa kufungia, kamwe si kwenye hosi au silinda. Mikanda ya nailoni ni ya mizigo myepesi. Kingo za chuma huikata.

Pima urefu wa juu kwa futi kamba ukiwa umeshafunga, uandike kwenye karatasi ndani ya kebini. Mzigo uliopita upana, urefu au uzito wa kisheria unahitaji kibali maalumu kabla ya kutoka, si majadiliano mizanini.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko pale, lakini wanaopita kivuko cha Kamanga bado wanashuka na kupanda gati. Pembe ya gati hubadilika maji ya ziwa yakipanda au kushuka, na tela la chini hukalia tumbo kwenye mkunjo huo, sawa na kwenye matuta ya njia ya reli. Nenda ukaangalie kwa miguu kwanza. Kwa anayetoka Buhongwa kuelekea daraja, njiapanda ya Usagara ni mahali pazuri pa kusimama: mtambo umeshatulia, mbao zimebonyea, na minyororo iliyokuwa imekazwa imelegea. Ikaze upya, gusa vitovu vya magurudumu uone kama kuna kilichopata moto, kisha endelea.