Fulana ya Fuvu na Picha la Kauboi: Wapiga Roki Wanaangalia Nini Hasa?

Msimu wa korosho ukichanganya na hela zikianza kuonekana, mabanda ya mitumba ya Mtwara mjini hujaa fulana nyeusi zenye mafuvu na ndimi za moto. Wanaozinunua ni madereva wa bodaboda na vijana wa magodauni, na wengi wao hawajawahi kusikia wimbo hata mmoja wa bendi iliyochapwa kifuani. Maneno lakini hayakosekani kijiweni: hao ni Freemason, hao hukesha wakiangalia mapicha ya mashetani ndipo watunge nyimbo. Mimi ni mpenzi wa roki na wa sinema pia, na mengi ya hayo hayana mguu wa kusimamia.

Dhana: Wapiga roki hawana filamu wanayoipenda ila ya kishetani.

Fuvu linaloonekana sana kwenye fulana hizo ni Eddie, nembo ya Iron Maiden ya Uingereza, aliyechorwa na Derek Riggs. Kilichowaponza ni wimbo wao wa 1982, The Number of the Beast, yaani Namba ya Mnyama. Huko Marekani wapo waumini waliochoma sahani zao hadharani. Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi wa bendi, ameshaeleza ulikotoka: aliangalia Damien: Omen II, filamu ya kutisha ya 1978, akaenda kulala, akaota ndoto mbaya. Basi. Mtu kaogopa picha, kaandika alichoota. Albamu yao iliyofuata, ya 1983, inafunguliwa na Where Eagles Dare, wimbo uliotokana na filamu ya vita ya 1968 yenye jina hilohilo, ambamo Richard Burton na Clint Eastwood wanaingia kwa hila kwenye ngome ya Wajerumani juu ya milima yenye theluji. Mabomu, usaliti, stelingi anaponea chupuchupu. Picha kama hiyo kibanda umiza chochote cha Mtwara kingeijaza benchi zote.

Black Sabbath, bendi nyingine ya Uingereza, nao wana kesi yao. Mwaka 1969, huko Birmingham, walikuwa wakijiita Earth, na kumbe bendi nyingine ilikuwa na jina hilo. Mkabala na walipofanyia mazoezi, jumba la sinema lilionyesha Black Sabbath, filamu ya 1963 ya Mwitaliano Mario Bava, akiwemo Boris Karloff. Wenyewe wamesimulia walivyostaajabu kuona watu wakipanga foleni na kutoa pesa ili watishwe, wakajiuliza kwa nini muziki usifanye vivyo hivyo, na jina la filamu wakalifanya la bendi. Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji ufafanuzi hapo. Lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde mwenye kinyago, likitoka ngomani, watoto hutimua mbio wakipiga mayowe, wakacheka, wakarudi kulichungulia tena, wala hakuna anayedai kwamba aliyevaa kile kinyago ni mchawi. Na Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi ya Black Sabbath, alilelewa kwenye familia ya Kikatoliki.

Dhana: Watu wakali kama wale vichekesho haviwahusu.

Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, ilitoa albamu ya A Night at the Opera mwaka 1975, na mwaka uliofuata A Day at the Races. Majina yote mawili ni ya filamu za ndugu wa Marx, wachekeshaji wa Marekani waliotamba miaka ya 1930. Ndani ya albamu hiyo ya kwanza ndimo ulimo Bohemian Rhapsody, wimbo ambao watu huusikiliza wamekunja uso utadhani wako msibani.

Wapo pia wanaoapa kwamba Freddie aliichukia filamu ya Star Wars, kwa kuwa katika Bicycle Race, wimbo wa 1978, anaimba kwamba haipendi. Mwaka 1980 huyohuyo akaonekana jukwaani amekaa mabegani mwa mtu aliyevaa kama Darth Vader, yule adui wa kwenye Star Wars. Ya kwenye wimbo yabaki kwenye wimbo.

Dhana: Filamu ya 2018 kuhusu Queen ni historia kamili.

Hapana. Inaonyesha kwamba bendi ilikuwa imesambaratika, ikaungana tena kwa ajili ya tamasha la Live Aid, Julai 1985. Ukweli ni kwamba walitoa albamu mwaka 1984 na walikuwa kwenye ziara hadi Mei 1985. Iangalie kwa raha zako, ila usiitumie kubishania.

Dhana: Bendi moja, picha moja.

Hii ndiyo inayonichekesha zaidi, maana hata ndugu wa tumbo moja hugombania rimoti. Chukua Metallica, bendi ya Marekani. Mpiga gitaa Kirk Hammett ni mgonjwa wa filamu za kutisha kweli. Mabango yake ya zamani ya filamu hizo ni mengi na mazuri kiasi kwamba mwaka 2017 makumbusho ya Peabody Essex, mjini Salem, iliyafanyia maonyesho. Kwa hiyo wa kijiweni wana chembe ya ukweli hapo, nawapa haki yao.

Lakini tangu 1983 Metallica hupanda jukwaani kwa muziki wa kauboi: The Ecstasy of Gold, aliotunga Ennio Morricone kwa ajili ya The Good, the Bad and the Ugly, filamu ya 1966. Ni pale yule mhuni Tuco anapozunguka mbio katikati ya makaburi akitafuta lenye dhahabu. Wengi hudhani ile ni picha ya Kimarekani. Mwongozaji Sergio Leone ni Mwitaliano, Morricone vilevile, na makaburi yale yalitengenezwa Uhispania, karibu na Burgos, kwa nguvu za askari. Yakafunikwa na nyasi kwa karibu miaka hamsini, hadi 2015 wapenzi wa filamu hiyo walipoanza kuyafukua kwa majembe, kwa kujitolea. Katika filamu ya 2017 inayosimulia kazi hiyo yumo mwimbaji James Hetfield, akieleza anavyoipenda.

Dhana: Mastaa wale sinema kwao ni ya kupotezea muda tu.

Muulize George Harrison wa The Beatles, bendi ya Uingereza, kama angekuwepo. Kundi la wachekeshaji la Monty Python lilipoachwa na wafadhili wake kabla ya kuanza kupiga picha za Life of Brian, Harrison aliiweka nyumba yake rehani ili filamu itengenezwe. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka kuiangalia. Ikatoka 1979, na yeye mwenyewe anaonekana humo kwa sekunde chache, katikati ya umati.