Leseni inayopimwa kwa rula

Juzi kijana mmoja alifika dukani na swali ninaloulizwa kila mara: mbona laptopu zinashuka bei, Windows haishuki? Nikavuta droo, nikamtolea Asus Eee PC 701 yangu ya zamani, nikaiweka mezani.

Kadude haka kalitoka mwishoni mwa 2007: skrini inchi 7, RAM MB 512, hifadhi GB 4. Kalikuja na Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme leseni ya Windows ni dola 50. Kwenye mashine ya dola 1,000 hiyo ni asilimia 5, haimuumi mtu. Kwenye mashine ya dola 300 inakaribia asilimia 17. Kioo, bodi na betri hushuka kwa sababu viwanda vinagombea wateja. Leseni anauza mmoja.

Microsoft, wenye Windows, ikabanwa pande mbili. Vista, mfumo wake mpya wakati huo, ulitaka GB 15 za nafasi kwenye diski. Kwenye GB 4 hauingii hata kwa kusukumwa. Basi XP, Windows iliyoitangulia Vista, ambayo mauzo yake yalikuwa yakome Juni 2008, ikaongezewa umri hadi 2010, kwa vikompyuta hivi tu, na kwa bei ya chini.

Hiyo “tu” ndiyo biashara yenyewe. Kutoa nakala moja zaidi ya programu ni karibu bure, kwa hiyo kushusha bei si kazi. Kazi ni kuizuia leseni ya bei chee isihamie kwenye mashine za wenye uwezo. Ndiyo maana yakawekwa masharti ya ukubwa wa skrini na RAM. Mwaka 2009 ikaja Windows 7 Starter, iliyopunguzwa makusudi: bofya kulia kwenye skrini, chaguo la kubadili picha ya nyuma halipo. Mhandisi alikaa akaliondoa! Mara ya kwanza kuliona hilo nilicheka peke yangu.

Aprili 2014, watengenezaji wa tableti wakiwa wameshazoea kuchukua Android bila kulipia leseni, rula ikatolewa tena: kifaa chenye skrini chini ya inchi 9, Windows bure.

Kijana akaipima laptopu yake kwa macho. Inchi 14.

“Sasa fundi,” akasema, “hiyo Linux unaweka kwa shilingi ngapi?”