Mbinu Mbili Tatu Hazimtoshi Mwanamke

Kila ninapotangaza darasa jipya la judo la wanawake, huja mtu mwenye nia njema, mara nyingi mume au kaka wa mwanafunzi, akanishauri: "Mwalimu, hawa wafundishe mbinu mbili tatu tu za kumkomesha kibaka, inatosha." Nimeusikia ushauri huo kwa viongozi wa mtaa na kwa waandaaji wa semina za siku moja, na sasa nausikia hata kwa walimu wenzangu wenye mkanda mweusi, ambao hakuna hata mmoja wao aliyefika alipofika kwa mbinu mbili tatu. Kwa kuwa baadhi yao wanakusudia kufungua madarasa kama langu, nimeona nieleze kwa kirefu kwa nini imani hiyo inaniudhi na inavyoweza kumponza mwanamke anayeiamini.

Chukua mbinu inayofundishwa karibu katika kila semina, yaani kuuchomoa mkono ulioshikwa kwenye kifundo. Mwanafunzi anaambiwa auzungushe mkono kuelekea kwenye kidole gumba cha mshikaji, kwa sababu hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, kisha auchomoe kwa ghafla. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Lakini mtazame huyo mshikaji: amesimama wima, anashika kwa mkono mmoja huku wa pili ukining'inia, havuti wala hasukumi, na anajua kitakachofuata. Mkono unatoka, watu wanapiga makofi, na dada anarudi nyumbani akiamini kwamba sasa anaweza kujiokoa. Mwambie mshikaji yuleyule amvute kwanza, kisha amdake shingoni kwa mkono wa pili, na mbinu yote itayeyuka papo hapo, kwa sababu dada huyo hajawahi kuifanya dhidi ya mtu asiyetaka ifanikiwe.

Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliliona tatizo hili mapema, ndiyo maana aliipa randori, yaani kupambana kwa uhuru na mwenzako anayekupinga, nafasi kubwa katika mafunzo yake. Hata hivyo, Kodokan, shule yake ya judo, ilipofungua idara ya wanawake mwaka 1926, wanawake hao waliwekwa zaidi kwenye kata, yaani mazoezi ya mbinu zilizopangwa ambayo mwenzako hakupingi, na mashindano wakazuiwa kwa miongo mingi. Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu wa Kano, alibaki dani ya tano, yaani daraja la tano la mkanda mweusi, kwa miaka mingi kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kupanda zaidi. Mwaka 1959, huko Utica nchini Marekani, Rusty Kanokogi alishindana akidhaniwa ni mwanamume, akashinda, kisha akatakiwa kuirudisha medali alipokiri kuwa ni mwanamke. Ni yeye aliyekuja kuandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, New York, mwaka 1980, na medali kamili za Olimpiki zikafuata Barcelona mwaka 1992. Ninapoambiwa niwape wanafunzi wangu mbinu na niwaepushe na mapambano, nasikia kauli ileile iliyowazuia akina Fukuda.

Kuhusu maandalizi sitasema mengi. Saa za darasa zipangwe kwa kuangalia usafiri wa jioni, si kwa raha ya mwalimu. Hijabu iwe ya kubana, bila pini. Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alishindana judo kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika nywele, kwa hiyo suala hilo lisimzuie mtu kuja. Hereni zivuliwe na kucha zikatwe. Wiki za mwanzo ni za ukemi, yaani kuanguka bila kuumia: kidevu kifuani, pumzi itoke, mkono upige mkeka ukiwa mbali kidogo na ubavu. Anayeogopa kuanguka hawezi kujifunza kitu kingine chochote.

Baada ya hapo naingia moja kwa moja kwenye kesa-gatame, mbinu ya kumbana mtu chini, kabla ya kumwangusha yeyote, na hapa ndipo walimu wengi hunishangaa. Mwanafunzi analala chali, mwenzake anamkalia ubavuni, anaizungushia shingo yake mkono na kumbana kwa uzito wa kifua. Mara ya kwanza karibu wote hufanya jambo lilelile: wanazuia pumzi, wananyoosha mikono yote miwili kuusukuma uso wa aliye juu, na nguvu zinawaishia upesi. Ninapiga magoti kando ya kichwa chake na kumwambia atoe pumzi kwanza. Kisha ageukie upande wa mshikaji, asogeze nyonga mbali naye, aingize goti katika nafasi iliyopatikana. Aliye juu anaanza na ukinzani mdogo, wiki inayofuata anaongeza, na hatimaye anakataa kabisa kuachia. Kinachojengeka hapo ni mazoea ya kubaki na akili zako ukiwa chini ya uzito wa mtu mwingine, na mazoea hayo hayapatikani kwa siku moja.

Ndiyo maana pia nafundisha kugonga mkeka kabla ya kabari yoyote. Mwanafunzi akigonga, mwenzake anaachia mara moja, bila swali. Darasani wamo wanawake waliowahi kukandamizwa kweli, na mwalimu hatawajua kwa kuwatazama. Zoezi la chini litangazwe mapema, na anayetaka kukaa pembeni akae bila kudaiwa maelezo.

Sasa niseme ninayoyatilia shaka. Nina kilo 57, na sijidai kwamba ufundi unafuta tofauti ya uzito; mwanamume wa kilo 90 anayejua kupambana atanishinda. Sijaamua pia kama wanaume waingizwe darasani. Bila wao, wanafunzi hawataujua uzito wa mwanamume. Wakiingia, baadhi ya wanafunzi wataondoka kimyakimya. Kwa sasa naanza na wanawake watupu. Kubwa zaidi ni hili: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na kwa sehemu kubwa mhusika ni mume au mpenzi, wala si kibaka wa gizani. Mwanamke anaweza kumtoka mtu huyo kwa kesa-gatame safi na bado asiwe na mahali pa kulala yeye na watoto.

Wapenzi wa kozi fupi wana hoja moja ninayoiheshimu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 893 wa kike katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada: baada ya mafunzo ya saa 12 tu, waliobakwa ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 5.2, dhidi ya 9.8 kwa wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Lakini mafunzo yale yalijikita katika kutambua hatari inayotoka kwa mtu unayemfahamu, katika kushinda ile aibu ya kumkatalia, na katika kutumia sauti. Kupiga na kujinasua kulikuwa sehemu tu. Sina ushahidi kwamba miezi ya judo peke yake inafikia matokeo hayo. Kwa hiyo darasa lijalo litakuwa na kipindi cha kukaa mkekani na kuzungumza juu ya watu tunaowajua, na kipindi cha kupaza sauti ya kukataa mbele ya mwenzako anayeendelea kusogea, kabla hatujashikana kola.