Nukta mbili pacha sio lazima kwasari moja

Juzi Kirumba tunaangalia taa za wavuvi wa dagaa, mtu akasema ukikuta kwenye picha za sevei ya anga (upigaji picha wa eneo kubwa la anga) nukta mbili za bluu zimekaribiana basi ni kwasari moja, ule moyo mkali wa galaksi ya mbali, mvuto wa galaksi ya mbele umepinda mwanga wake tukaiona mara mbili. Hapana jamani! Nyingi ni nyota tu za huku kwetu, kama taa za mitumbwi tofauti zimekaa mstari mmoja. Data za Gaia, chombo cha angani kilichopima mwendo wa nyota, zinachuja, nyota inasogea, kwasari iko mbali mno haionekani kusogea. Halafu lazima spektra za nukta zote mbili, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, zifanane. Ile kwasari ya kwanza kukutwa imeonekana mara mbili hivi, 1979, ikiongeza mwanga picha moja inaonyesha leo, mwenzake siku kama 417 baadaye, yaani hapo ndo nasisimka kabisa.